Si Ukatili Tu, ni Hiana

Nimeletewa tena kijitabu cha mafunzo ya walimu na maofisa ustawi wa jamii, na katika ukurasa wake wa kwanza yamepigwa chapa maneno haya: "matumizi mabaya ya watoto". Aliyetafsiri alikuta Kiingereza kinatumia neno moja kwa dawa, kwa madaraka na kwa watoto. Akachukua maneno tuliyoyazoea kwenye dawa na madaraka, akambandika nayo mtoto. Hakuona kwamba anayesema "matumizi mabaya" amekwisha kukiri kuwa yapo matumizi mema. Mtoto hatumiwi, kwa wema wala kwa ubaya. Niliwahi kulisema hili mbele ya kamati moja ya istilahi, nikajibiwa kwamba mjadala umefungwa kwa sababu orodha imeshatoka kiwandani. Jibu hilo lilinikera wakati ule na linanikera hadi leo.

Jambo lenyewe msomaji analifahamu na sitapoteza wino kulieleza. Ninalotaka kulizungumza ni jina lake, kwa kuwa sheria nyingi zilisubiri jina ndipo zikaamka. Mwaka 1946 daktari wa eksirei wa Marekani, John Caffey, aliandika kuhusu watoto wachanga wenye damu iliyovilia kwenye ubongo na mifupa iliyovunjika mahali pengi. Aliiona mivunjiko, hakuwa na neno la kuiita, na wasomaji wake wakaendelea na kazi zao. Mwaka 1962 C. Henry Kempe na wenzake wa Denver wakakusanya habari za watoto 302 kutoka hospitali 71, ambao 33 kati yao walikufa, na hali ile wakaipa jina la ugonjwa, ugonjwa wa mtoto aliyepondwa kwa vipigo. Katika miaka michache iliyofuata kila jimbo la Marekani likawa na sheria ya kutoa taarifa. Mifupa ilikuwa ile ile. Jina ndilo lililokuwa jipya.

Sisi majina tunayo, na yamezidi. Mtanzania wa Bara anasema ukatili dhidi ya watoto, Mzanzibari anasema udhalilishaji, Mkenya anasema dhuluma, na kila mahali unyanyasaji unajipenyeza. Watu huudhani huu kuwa ni utajiri wa lugha. Mimi nauona kuwa ni dalili kwamba hakuna lililokaa sawasawa.

Unyanyasaji naupitia haraka. Mpangaji hunyanyaswa na mwenye nyumba, machinga hunyanyaswa na mgambo, mke hunyanyaswa na mawifi. Neno linataja usumbufu unaorudiwarudiwa, wala halijali anayesumbuliwa ana miaka mingapi. Mtoto aliyefungiwa chumbani siku nzima bila chakula hakunyanyaswa. Hapakuwa na mtu wa kumsumbua, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Ukatili ndio wenye ofisi. Utafiti wa taifa wa Tanzania uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, uliotueleza kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, ulibeba neno hili, na mpango wa taifa ulioanza mwaka 2017, MTAKUWWA, ukalibeba pia. Siwalaumu walioandika mpango huo, maana walikuwa na kazi kubwa kuliko kamusi. Lakini tuliangalie neno. Katili kwetu limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu q-t-l, mzizi wa kuua. Hata baada ya karne nyingi kwenye kinywa cha Mswahili harufu ya damu haijalitoka: katili ni mtu asiye na huruma, mwenye kufika mbali. Kwa hiyo neno hupima kiasi. Likitamkwa, swali linalofuata ni la kiwango: alimpiga sana? Alimwumiza hadi wapi?

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo chochote cha polisi usikilize utetezi wa kwanza wa mzazi: "Afande, mimi si katili. Nimemrudi tu mwanangu." Hasemi uongo kwa jinsi anavyoielewa lugha yake. Kurudi limetoka kwa Waarabu kwenye maana ya kurejesha, na katika Kiswahili likazaa maana ya pili ya kumrejesha mtu aliyepotoka, yaani kumwadibu, na katika vinywa vya wengi kumwadibu kwa fimbo. Adabu na adhabu, ambayo kwa Kiarabu ni maneno ya mizizi miwili isiyojuana, kwetu yamekaa jirani hadi sikio haliyatenganishi. Nyuma yake zinasimama methali. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzazi anayeletwa dawatini ameishi ndani ya methali hizo tangu utoto, ofisa anayeandika maelezo yake ameishi humo humo, na neno ukatili halina nguvu ya kuzivuka kwa sababu wote wawili wanakubaliana kwamba katili ni mtu mwingine.

Sheria nayo imelifuata neno kwenye mizani yake. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 kinakataza mateso, kisha kinakataza marekebisho ya mtoto yasiyo ya kiasi kwa kuzingatia umri wake na hali ya mwili na akili yake. Ya kiasi basi yanabaki. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, katika tangazo la serikali la mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu, na taifa zima likaona ukatili. Kabla ya kifo kile, katika darasa lile, mtu angeuonaje, ikiwa kipimo kinaanza kusomeka pale tu kinapopitwa?

Wengine walilitatua kwa kubadilisha maneno. Wajerumani waliita mamlaka ya mzazi kwa neno ambalo ndilo hilo hilo lao la mabavu, Gewalt. Tangu mwaka 1980 sheria yao inasema Sorge, uangalizi, na mwaka 2000 ikampa mtoto haki ya kulelewa bila mabavu. Wajapani wana shitsuke, malezi ya adabu, linaloandikwa kwa herufi iliyounganisha mwili na uzuri, na wazazi waliofikishwa mahakamani kwao husema shitsuke kama sisi tunavyosema kurudi. Mwezi Desemba 2022 Japani ilikifuta kabisa kifungu cha sheria yake ya madai kilichompa mzazi haki ya kuadhibu. Uswidi, iliyotangulia dunia nzima kukataza kipigo kwa sheria mwaka 1979, ilipeleka kijitabu cha maelezo majumbani na kuandika habari zake kwenye pakiti za maziwa, ili zisomwe mezani asubuhi, mzazi na mtoto wakiwa pamoja.

Sheria hiyo ya Uswidi haikukataza kipigo peke yake. Ilikataza pia kumtweza mtoto, na hapo nawapa Wazanzibari haki yao. Udhalilishaji umetokana na dhalili, mnyonge aliyeshushwa, na ni neno lililoona kwamba mtoto ana heshima hata kabla hajajua kulitamka jina lake. Lakini neno hili limekwenda likaunganishwa na yale ya kingono hata halitajwi tena kwa jingine, na pia linamtazama aliyetendewa badala ya mtendaji. Nani amedhalilika? Mtoto, na pamoja naye ukoo mzima. Aibu ikishakuwa ya ukoo, ukoo huificha. Zanzibar wana neno linaloeleza yanayofuata kuliko ripoti yoyote: muhali. Mtendaji ni mjomba, au mwana wa mjomba, au jirani aliyetoa rambirambi siku ya msiba wetu. Kumpeleka mbele ni muhali. Kesi inakufa kwa mashahidi kutokwenda mahakamani.

Wakenya wana dhuluma, na katika haya yote ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Wanaleksikografia wa Kiarabu waliieleza dhulma kuwa ni kukiweka kitu mahali pasipo pake. Kwetu ikawa kumnyima mtu haki yake, na mfano wake wa kwanza ambao mzee yeyote wa Pwani atakupa ni yatima aliyedhulumiwa mali. Dhuluma haipimi kiasi. Inauliza haki iko wapi, na hilo linakwenda vizuri na Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayomkinga mtoto na kutelekezwa, mila zenye madhara, mabavu ya kila namna na adhabu za kinyama. Dosari yake ni kwamba haitaji uhusiano. Serikali hudhulumu, tajiri hudhulumu, mnunuzi wa korosho hudhulumu. Kisha vyombo vya habari vikaiharibu kwa kuiambatanisha na "kimapenzi". Dhuluma ya kimapenzi! Mapenzi yameingiaje hapo? Mhariri anayepitisha maneno hayo juu ya habari ya mtoto wa miaka saba hana udhuru, na nimewaandikia zaidi ya wahariri wawili kuhusu hilo bila kupata hata mstari wa jibu.

Kuna lililo baya zaidi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 inampa kifungo cha maisha anayemwingilia mtoto wa miaka 11 au chini yake. Ni sheria kali na ninaiunga mkono. Lakini kosa hilo kwa Kiswahili cha magazeti na cha mahakama linaitwa kunajisi. Najisi ni uchafu wa kidini, kitu ambacho kikigusa nguo, nguo haiswaliwi mpaka ifuliwe. Aliyenajisiwa ni aliyetiwa najisi, kwa hiyo amekuwa najisi. Tunamwambia mtoto, katika hati ya mashtaka iliyoandikwa kwa ajili ya kumtetea, kwamba yeye ndiye aliyechafuka. Waingereza walianza, neno lao la sheria pia ni la uchafu, nasi tukalipokea na tope lake. Naomba wanasheria wa Mombasa na Nairobi waliache. "Kumwingilia mtoto" linatosha. Kila mtu analielewa na halimpaki aliyeumizwa chochote.

Sasa nafika kwenye neno langu. Ni hiana.

Mzizi wake ni kh-w-n, Kiarabu khiyana, na wapo hadi leo wazee wa Mwambao wanaotamka khiana kwa kuikwaruza koo. Maana yake ya asili ni kuvunja uaminifu uliowekewa. Mzizi huo ulituletea maneno matatu kwa milango mitatu. Kwanza haini, msaliti, na uhaini wake, ambao wanasheria waliuchukua wakaufungia kwenye makosa dhidi ya dola. Pili hiana yenyewe, ambayo kamusi zetu kongwe zinaipa maana ya ugumu wa moyo, ukali na udanganyifu kwa pamoja. Tatu kitenzi kuhini, kilichotulia kwenye maana ya kunyima, kumzuilia mtu kilicho chake. Ukali, usaliti, unyimaji. Yaweke mbele yako yote matatu uone kama hayajajaza nafasi ambayo ukatili uliiacha wazi: kipigo kimo, kumtenda mtoto anayekuamini kumo, na kumnyima chakula, shule na dawa kumo, ndani ya neno moja lililokuwepo kabla ya semina yoyote.

Kisha tazama kinyume chake. Kinyume cha hiana ni amana. Katika Kurani, Suratul Anfal, yanatajwa pamoja kama watu wawili wanaotazamana. Amana imezaliwa nyumba moja na amini, imani na amani. Na Mswahili, awe Mwislamu au Mkristo, akitaka kueleza mtoto ni nini, husema mtoto ni amana. Hilo ndilo wazo ambalo Shirika la Afya Duniani lilihitaji sentensi ndefu kulifikia mwaka 1999, liliposema kwamba jambo hili hutokea ndani ya uhusiano wa wajibu, uaminifu au mamlaka. Sisi tulikuwa nalo tayari, nusu yake ikiwa kwenye msemo na nusu yake ikiwa kwenye kamusi.

Mfano ninaoutegemea unatoka London, ila mwanzo wake ni wa Kiafrika. Victoria Climbié alizaliwa Côte d'Ivoire. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake ili akasomeshwe Ulaya. Ni mkataba ambao kila familia ya kwetu inaujua: mtoto huondoka kijijini na begi dogo na ahadi ya sare ya shule, akifika mjini sare haipo, lipo beseni la vyombo. Victoria hakupelekwa shule hata siku moja Uingereza. Hospitalini, mwaka 1999, alama za mwilini mwake zilielezwa kuwa ni upele, na askari aliyepaswa kwenda kuikagua nyumba hakwenda kwa kuogopa kuambukizwa huo upele. Ofisa ustawi alisikia kwamba mtoto husimama wima kama askari mbele ya watu wazima aliokuwa akiishi nao, akaamua kwamba hiyo ni heshima ya familia za Kiafrika na Karibi. Alikuwa anaogopa. Alikufa tarehe 25 Februari 2000, mwenye umri wa miaka minane, na mwili wake ulikuwa na alama 128. Ripoti ya uchunguzi wa kifo hicho, iliyotolewa na Lord Laming mwaka 2003, ilihesabu nafasi zisizopungua 12 ambazo mtu angeweza kumwokoa.

Ofisa yule alijiuliza swali la ukatili: je, kwa utamaduni wao hii imezidi? Na kwa kuwa hakuujua utamaduni wao, alinyamaza, akidhani kunyamaza ni kuuheshimu. Angejiuliza swali la hiana, mtoto huyu ni amana ya nani, na kilichoahidiwa kimetolewa, jibu lingekuwepo mbele yake: hasomi. Hakuhitaji kuijua Côte d'Ivoire.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani utamaduni ni kichaka cha kujifichia. Mwanaanthropolojia Jill Korbin, katika kitabu alichokihariri mwaka 1981, alitenganisha mambo matatu: desturi ambayo wenyewe wanaiona njema na wageni wanaiona ovu, tendo linalovuka mipaka ya jamii yenyewe, na umaskini na mfumo unaowaumiza watoto wote. Mabishano ya mikutano ya kimataifa huganda kwenye la kwanza. Lakini watoto wengi wanaofika dawatini wako kwenye la pili. Hakuna mila ya Waswahili inayomruhusu mtu kula amana. Mshitaki kwa mila yake na hatakuwa na pa kwenda.

Hata kwenye lile la kwanza neno langu linafanya kazi ambayo ukatili hauiwezi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Nani angeiita harusi ukatili? Ngoma imelia, pilau imeliwa, baba anatokwa na machozi ya furaha. Ukimwambia ni katili atakushangaa, na majirani watakushangaa pamoja naye. Mwambie amemhini binti yake, amemzuilia umri na elimu vilivyokuwa vya binti huyo, atakasirika. Ila hataweza kusema hakuelewa.

Na wazee wa Garissa, Wajir na Mandera, huko Kenya, wanaokaa kikao cha maslaha, yaani cha usuluhishi, familia mbili zikapatana, mali ikahama kutoka boma moja kwenda jingine, na mtoto aliyeingiliwa hakuitwa hata kuulizwa: neno lao na lile la sheria, maslahi ya mtoto, ni neno moja, mzizi mmoja wa kusuluhisha na kutengeneza. Limetekwa. Sijui ukatili utamkamata vipi mzee aliyesuluhisha kwa nia ya amani. Hiana inamkamata, maana amana iliyopelekwa mbele yake aliigawa kwa wengine.

Wapinzani wangu, ambao wanapenda kuzungumza nisipokuwepo, wana hoja zao. Wanasema hiana ni neno la washairi wa Pwani, mtu wa Mbeya au Bukavu halijui. Na udhalilishaji alizaliwa nao? Alifundishwa na redio, kwa mwaka mmoja au miwili. Wanasema ni Uarabu mtupu. Ukatili ni Kiarabu, dhuluma ni Kiarabu, najisi ni Kiarabu, na haki yenyewe ni Kiarabu. Wanasema litachanganywa na uhaini. Nakubali kwamba ni ndugu, na sioni aibu ya mtoto kuwekwa kwenye ukoo mmoja na taifa. Hoja moja tu ndiyo yenye uzito, kwamba mgeni anayemvamia mtoto njiani hakuwekewa amana yoyote. Ni kweli, na huyo abaki na ukatili wake na jinai yake. Kuwachanganya yeye na baba mlezi katika neno moja ndiko kulikotufanya tuwafundishe watoto kumwogopa mtu baki, nao wanaumizwa zaidi na wanaokula nao sahani moja.

Matumizi yake ni mepesi: kumhini mtoto, mtoto aliyehiniwa, mhini na wahini, hiana ya mwili, hiana ya moyo, hiana ya kingono, hiana ya kutelekeza. Na kinachoitwa ulinzi wa mtoto kiwe hifadhi ya mtoto, maana ulinzi ni wa lango na hifadhi ni ya amana.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na sheria zinatafsiriwa. Fasili ya jambo hili iliyomo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja vipigo, matusi, ubaguzi, kutelekezwa, madhila ya kingono na kazi za kinyonyaji. Ninawaomba wanaoishika kalamu hiyo waweke ukatili juu ya orodha, waone kama kutelekezwa kunakaa. Waweke udhalilishaji, waone kama kazi za kinyonyaji zinakaa. Kisha waweke hiana, wasome tena kutoka juu hadi chini.